Mihrabu Tatu za Magofuni

Wenzangu mnaobaki katika kazi ya mambo ya kale mmeniomba niandike niliyoyaona. Nimekubali, ila sitaandika lini nilipandishwa cheo wala nani alinipandisha. Mambo hayo hayamsaidii mtu aliyepiga magoti ndani ya shimo. Nitaandika juu ya Magofuni, mji wa kale ulio kwenye rasi, mwendo wa asubuhi kutoka Chake Chake. Huko ndiko nilikoanza, na huko ndiko nilikofanya kosa ambalo kazi zangu zote za baadaye zilikuwa kama kulizunguka.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimemaliza sekondari Unguja mjini, nimerudi kwetu Jadida, Wete, sina shughuli ila kuwasomea majirani barua zao. Nikasikia kuna Mzungu anachimba magofu na anatafuta karani ajuaye Kiingereza na hesabu. Nilikwenda nimevaa suruali nyeupe. Huo ndio ujinga wangu wa kwanza kazini, nao ulikwisha kwa sabuni.

Sikumkuta Mzungu, nilikuta nyayo za miguu yake. Alikuwa amelala kifudifudi, kichwa kimo shimoni, anapuliza vumbi juu ya kitu nisichokiona. Aliitwa Bwana Prentis, mtu mrefu wa maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa kama yeye, mifupa mitupu. Pembeni alisimama msimamizi wa vibarua, Mzee Faki, muashi na mchomaji chokaa wa Chake Chake.

"Wewe ndiye karani?" akaniuliza Mzee Faki.

"Ndiye mimi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Suruali hiyo ya harusi au ya kazi?"

"Ya kazi."

"Haya. Bibi harusi yumo shimoni, mfuate."

Wiki ile ya kwanza nilipewa mwiko wa muashi, brashi, chekeche na mapakacha ya kutilia vigae. Nilidhani kuchimba ni kutoa udongo. Mzee Faki alinifunza kuwa kuchimba ni kuuliza udongo, na kwamba udongo hujibu mara moja tu. Alikuwa akigonga chini kwa mpini wa mwiko, akisikiliza. Pakilia kama mlango, chini yake pana sakafu ya chokaa. Pakinyamaza, pana taka. Siku ya tatu nilikuta duara la udongo mweusi, la ukubwa wa kifuniko cha chungu, katikati ya udongo mwekundu. Nikalisafisha lote vizuri kabisa, nikabaki na tundu. Mzee Faki akaja, akachungulia.

"Hapo palikuwa na nguzo ya nyumba," akasema. "Imeoza mahala pake, ikaacha rangi yake. Sasa umeing'oa."

"Sikujua, mzee."

"Yeye mwenye nyumba pia hakujua kama utakuja."

Tangu siku ile niliona rangi za udongo hata nikiwa nakula. Na nilianza kuuona mji. Juu palikuwa na nyumba za mawe, chini yake nyumba za miti na udongo, chini zaidi majivu, mavi ya chuma kilichoyeyushwa, shanga, na mifupa ya changu na tasi. Hilo la samaki ndilo lililonishangaza kuliko bakuli za kijani za Kichina. Watu waliokufa karne na karne zilizopita walikula samaki wale wale niliokula mimi jana yake, na walitupa mifupa nyuma ya nyumba kama mama yangu alivyokuwa akitukataza.

Mji ule haukuwa umekufa wote. Kisima chake kilikuwa bado kinatoa maji matamu, na wanawake wa Mtondooni, kijiji cha jirani, walikuwa wakiteka hapo. Makaburi yake yenye minara yaliletewa ubani na vijibendera vyeupe na watu wenye mgonjwa au nadhiri. Kila asubuhi tulikuta vyetezo vipya juu ya mawe ya kale, na mimi niliviandika pembeni, visije vikachanganyika na vya wazee. Imamu wa Mtondooni, Shehe Kombo, hakuupenda ubani ule, lakini sikumsikia akimtukana aliyeuleta. Akipita makaburini alisimama, akawasomea Fatiha maiti wasiokuwa na majina, kisha akaendelea na safari yake.

Ruhusa ya kuchimba tulipewa na yeye na wazee wenzake, kwa masharti. Kaburi lisiguswe, na ndani ya msikiti wa kale mtu asiingie na viatu. Bwana Prentis alivua viatu vyake mbele ya wote, soksi zikaonekana zimetoboka vidole viwili.

"Maskini," akasema Bi Riziki, mjane aliyekuwa akituletea maji ya kunywa. "Kumbe na kwao kuna shida."

Soksi zile zilifungua milango mingi kuliko barua ya serikali.

Msikiti wa kale ndio uliotushughulisha zaidi. Ulibaki ukuta wa kibla pamoja na mihrabu, na mihrabu ile ilikuwa imechongwa kwa jiwe la bahari, kamba mbili zilizosokotana zikipanda kulia na kushoto mpaka zikakutana juu. Tuliposhuka chini ya sakafu yake tukagonga sakafu nyingine. Palikuwa na msikiti mdogo chini ya ule mkubwa, kama sahani ndani ya sahani, nao ulikuwa na mihrabu yake. Nilipoweka dira juu ya kila mmoja, niliona kitu ambacho mpaka leo kinaniwasha. Misikiti hiyo miwili haikuelekea pamoja. Wa chini ulielekea kaskazini sawasawa, na wa juu uliinamia mashariki.

Kwa nini? Mjenzi wa juu hakujua alichojua wa chini? Walifuata nyota nyingine? Alikuja mwanachuoni kutoka ng'ambo akawaambia wageuke, wakageuka? Au fundi alifuata tu ukuta wa nyumba iliyokuwapo? Nilimsumbua Bwana Prentis kwa maswali hayo mchana kutwa.

"Hatujui," akasema.

"Lakini unadhani nini?"

"Nadhani hatujui, Karani."

Jibu hilo halikunitosha. Nilikuwa na miaka ishirini na ushei, na nilikuwa na dira ya shaba iliyokaa vizuri kiganjani.

Nikafikiri, kama kuna mihrabu mbili za kale, basi ya msikiti wa Mtondooni unaosaliwa leo ni ya tatu. Ukipimwa nao, tutaona watu wa hapa waliendelea na ipi. Lilikuwa wazo zuri, na bado nasema hivyo. Nilimwomba Shehe Kombo ruhusa baada ya sala ya adhuhuri. Alikubali kwa furaha, akanishikia ncha ya futikamba yeye mwenyewe, mzee yule, na kanzu yake ameikunja. Nikaweka dira juu ya ukingo wa mihrabu, nikasoma.

Hapa niwaeleze desturi ya kazi. Ukipima ukuta kwa dira, husomi mara moja. Unasoma ukiwa ncha hii, unakwenda ncha ile, unasoma tena ukitazama nyuma. Zikikubaliana, andika. Zisipokubaliana, kuna kitu karibu kinaivuta sindano. Bwana Prentis alinifunza hivyo tangu wiki ya kwanza, na Magofuni nilifanya hivyo kila siku. Ndani ya msikiti ule nilisoma ncha moja tu. Ncha ya pili wazee wawili walikuwa wamekaa wakisoma Kurani, nikaona haya kuwapita. Nikaona pia kwamba si lazima. Jengo lenyewe la juzi tu, halina siri.

Sindano ilionyesha msikiti wa Mtondooni umekwenda upogo, digrii kumi na mbili upande wa magharibi.

Kama ningenyamaza, ningekuwa nimekosea karatasi tu. Lakini jioni ile nilikaa barazani na vijana wa kijiji, na mmoja wao, Makame, fundi seremala mwenye ulimi mwepesi, akaniuliza dira yangu imeona nini. Nikamwambia. Nikaongeza kwamba wazee wa Magofuni walielekea upande mwingine kabisa, nao walikuwa karibu na zama za Mtume kuliko sisi. Nilitaja msikiti wa juu tu. Ule wa chini niliuacha, kwa sababu uliharibu utamu wa maneno yangu.

"Kwa hivyo sie twasali kuelekea wapi?" akauliza Makame.

"Labda Sudani," nikasema. Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Mnaijua miaka ile, au mmesimuliwa. Siasa ilikuwa imeingia, na mahali pengi Pemba watu walianza kugawana visima, maduka na hata maziko kwa vyama vyao. Mtondooni ilikuwa imesalimika. Walikuwa na msikiti mmoja, na tofauti zao waliziacha nje pamoja na viatu. Ijumaa iliyofuata, imamu alipoleta takbiri, Makame na wenzake kumi hivi walisimama nyuma wamegeuza miguu upande wa mashariki. Msikiti mmoja ukawa na safu mbili zilizopishana kama mkasi.

Shehe Kombo alimaliza kusalisha, akaenda nyumbani. Msikiti ule ulijengwa na baba yake, na mihrabu aliipanga yeye kwa mkono wake, akafa bila kumwambia mtu aliipanga vipi. Wiki ya pili alikuja Magofuni, akasimama mbele ya mihrabu ya mawe.

"Karani," akaniambia, "baba yangu hakuwa mtu wa kubahatisha. Lakini mimi sikumuuliza. Mtoto hamuulizi mzazi wake jambo kama hilo."

"Ndiyo, Shehe."

"Kama nimewasalisha watu upogo miaka yote hii, nitamwachia mwingine. Hilo jepesi. Lililo zito ni hawa watakaosema wana msikiti wao."

Bi Riziki naye alinijia, ndoo bado iko kichwani. Marehemu mumewe, Mzee Hamadi, alikuwa amezikwa mwaka uliopita.

"Nataka kukuuliza, mwanangu, wewe uliyesoma. Marehemu alisali msikiti ule tangu hajabaleghe. Hajakosa alfajiri ila akiwa mgonjwa. Sala zake zilikwenda wapi?"

Nilimwambia Shehe ndiye atakayejua. Aliitua ndoo, akatumiminia maji, akaenda zake. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Mwezi ule Bwana Prentis alishikwa na homa, akapelekwa hospitali ya Chake Chake, akaniachia kazi niiangalie. Makame akaja na vijana wake na mapakacha matupu. Walikuwa wameamua kujenga msikiti wao pembezoni mwa Magofuni, uelekee ulivyoelekea msikiti wa kale. Walitaka mawe.

"Mawe ya wazee yajenge msikiti wa wazee," akasema Makame. "Si umesema mwenyewe wao ndio walioelekea sawa?"

Kulikuwa na mawe mengi yaliyoanguka, tumeyarundika kando. Mzee Faki akanivuta mkono.

"Jiwe lisilochorwa halitoki, Karani. Hata lililoanguka."

"Yale ni kifusi tu, mzee."

"Kifusi ni jina tunalolipa jiwe tulilochoka kulitazama."

Nilijua anasema kweli. Lakini vijana wale walikuwa wamesimama mbele yangu wakingoja kauli yangu, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu watu kungoja kauli yangu. Nikawaambia wachukue yaliyoanguka, yaliyosimama wasiyaguse. Kisha nikapanda gari nikaenda Wete kuwasalimu wazazi wangu, na Mzee Faki naye akaenda kwake. Mihrabu ya mawe ilikuwa bado haijachorwa. Nilikuwa nimeiahirisha wiki tatu, kwa kuwa muda wangu niliutumia kushindana na watu juu ya dira.

Jumatatu asubuhi, nikirudi pamoja na Mzee Faki niliyemkuta Chake Chake, niliuona moshi kabla sijafika. Ulikuwa moshi mweupe mzito, na harufu yake Mzee Faki aliitambua tukiwa bado njiani.

"Tanuri la chokaa," akasema, akaongeza mwendo.

Pale ukuta wa kibla ulipokuwa, palibaki miguu yake tu. Vijana walianza na kifusi, wakaona mawe hayatoshi kwa chokaa ya kujengea, na jiwe la bahari lililochongwa ni laini, huiva upesi. Kamba zile mbili zilizosokotana, za kulia na za kushoto, zilikuwa ndani ya tanuri, juu ya magogo, zimeshawaka siku mbili. Tanuri likishawaka hivyo hakuna cha kuokoa. Mzee Faki alilizunguka mara moja, kama muashi anayekagua kazi ya mwenzake.

"Wamelipanga vizuri," akasema. "Hilo nalo linauma."

Nilikaa chini, nikatoa karatasi zangu, nikitaka angalau niuchore upya ukuta ule kwa vipimo nilivyokuwa navyo. Katika ramani moja nilikuwa nimeanza kuweka Magofuni, kisima, njia na msikiti wa Mtondooni. Nilikuwa nimepima njia ile kutoka ncha zote, na njia ile inapita sambamba na ukuta wa msikiti, kiasi cha hatua mbili tatu kutoka ukutani. Kila mpita njia anaona hivyo. Lakini kwenye karatasi yangu pembe ya msikiti ilikuwa imeingia njiani. Nikapima tena kwa rula. Nikageuza karatasi. Ama njia ilikuwa imehama, ama mimi ndiye niliyepotea.

Nilikwenda Mtondooni kwa miguu nusu nikikimbia. Wazee wawili walikuwa mahali pao, na mara hii niliwapita kwa kuomba radhi. Nikasoma kutoka ncha ya pili, mlangoni, mbali na mihrabu. Sindano ikasema jingine kabisa. Nikasogea mbele hatua moja moja, nikaitazama ikigeuka polepole kama kichwa cha mtu anayeitwa. Shehe Kombo alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Shehe," nikamwuliza, "ukuta huu una nini ndani?"

"Una mawe na chokaa. Na vyuma."

"Vyuma gani?"

"Mihrabu ilipata ufa, mimi bado kijana. Baba alileta vipande viwili vya reli kutoka Unguja, ya lile gari la moshi la Bububu walipoling'oa. Akavisimamisha huku na huku, akavipiga lipu."

Nilikuwa nimeweka dira baina ya vipande viwili vya reli. Swali moja lingenitosha, na mwenye jibu alikuwa amenishikia futikamba.

Nikamweleza pale pale, sikubakisha. Hakukasirika. Aliukalia msala wake, akawa anaugusagusa ukuta kwa macho.

"Sasa nani atakuamini?" akasema. "Jana dira ilisema kweli, leo inasema ilidanganya. Kesho itasema nini?"

"Tuiache dira, Shehe. Tutumie jua."

Shuleni nilikuwa nimeiona Makka kwenye ramani, iko juu yetu moja kwa moja, kama mtu aliyesimama kwenye paa la nyumba yako. Kwa hivyo kibla cha Pemba ni kaskazini halisi. Ilikuwa kipupwe, na wakati huo jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini. Vivuli vingeweza kutuamulia bila chuma wala shaba.

Siku ya pili asubuhi tulisimamisha miti mitatu iliyofungwa vichwa kando ya ukuta mrefu wa msikiti, tukaitundikia timazi. Kamba ya timazi ilikuwa na fundo. Mahali kivuli cha fundo kilipoangukia asubuhi tukapiga kigingi, kisha tukachora duara linalopita hapo, kitovu chake chini ya ncha ya timazi. Kivuli kingepungua mpaka adhuhuri, kisha kingerefuka na kuligusa duara tena upande wa pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye kweli. Kijiji kizima kilikuja. Nilisimama mbele yao nikasema kwamba nilisoma dira mara moja badala ya mbili, kwamba kuna reli ukutani, na kwamba katika misikiti ya kale niliwaficha mmoja.

"Dira yako leo imekula nini, Karani?" akauliza Makame. "Mbona imeshiba adabu?"

Watu wakacheka. Nilistahili.

"Tuliwasha tanuri kwa neno lako," akasema tena, na sasa hakuna aliyecheka. "Leo wataka tulizime kwa neno lako?"

"Si neno langu. Ngoja kivuli."

Adhuhuri ilitukuta katikati. Muadhini akaadhini. Shehe Kombo akasimama mlangoni. "Leo kila mtu asali kama alivyosali jana," akasema. "Kivuli hakijamaliza kusema." Wakaingia, wakasali kimkasi kwa mara nyingine, wakatoka kutazama.

Sijapata kuona watu wazima wakikitazama kivuli namna ile. Watoto walifukuzwa wasije wakakikanyaga. Fundo lilipoligusa duara, Mzee Faki alipiga kigingi cha pili, na kwa kamba akapata katikati. Kisha nikamwomba Makame mwenyewe, fundi seremala, aivute kamba kutoka kitovu kupita katikati ile, aipeleke sambamba na ukuta mpaka mwisho wake. Alifumba jicho moja, akatazama. Akaenda ncha ya pili, akatazama tena. Sikumwambia afanye hivyo.

"Kamba na ukuta vimeachana kidole gumba," akasema. "Ukuta mzima, kidole gumba."

Shehe Kombo aliweka kiganja chake ukutani akakiacha hapo.

Bi Riziki alikuwa amesimama kando na wanawake wenzake, kanga ameibana. Akaniita.

"Kidole kimoja tu?"

"Kimoja, bibi."

"Na marehemu alikuwa akisimama kulia," akasema. "Basi hicho kidole kitakuwa cha watu wa kushoto."

Alasiri ile safu ilikuwa moja. Nasema ilivyokuwa, sisemi ilibaki hivyo daima, kwa sababu miaka iliyofuata iligawa watu wengi Pemba kwa mambo mengine. Lakini hawakugawana kwa ajili ya dira yangu.

Bwana Prentis alirudi amekonda, suruali imemlegea. Nilimpeleka mwenyewe. Alivua kofia, akautazama ukuta usiokuwapo. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, hata vitu vyangu nilikuwa nimevifunga.

"Karani," akasema, "chora shimo."

"Nichore nini, bwana?"

"Shimo. Lilivyo. Pande zote."

Nikalichora, siku nne. Ndiyo michoro yangu ya kwanza iliyo kamili, na ni ya kitu ambacho hakipo. Pale palipobaki alama za mihrabu ya juu nilisoma dira kutoka ncha zote, na bado iliinamia mashariki. Kwa nini iliinama, bado sijui. Ushahidi ambao huenda ungetuambia, labda alama za fundi nyuma ya mawe, labda maandishi, ulikwenda na moshi. Vijana mtakaochimba pale msikisie kwa niaba yangu. Andikeni kwamba hatujui, na pembeni andikeni sababu ni nani.

Ilibaki chokaa. Tanuri lilipopoa, lilikuwa na rundo zuri jeupe, na hakuna aliyejua la kulifanyia. Msikiti wa pili haukuwa na wajenzi tena. Makame alitaka limwagwe baharini, aibu iishe. Shehe Kombo akakataa. Akaagiza lizimwe kwa maji ya kisima cha Magofuni, na msikiti wa Mtondooni upigwe lipu upya ndani, kuanzia ukuta wa kibla. Mzee Faki alisimamia kazi ile bila ujira. Siku ya kwanza nilikwenda kutazama, nikasimama nyuma, na Shehe akaniona. Akachukua mwiko kutoka kwa Mzee Faki, akanipa mimi.

"Mimi si muashi, Shehe."

"Najua. Jiwe lilikuwa la msikiti, na sasa linarudi msikitini. Ila limepita motoni, na wewe ndiye uliyelipitisha. Lipeleke mwenyewe."

Nikapiga lipu upande wa kulia wa mihrabu, juu ya reli. Mzee Faki alisimama nyuma yangu akihema kwa uchungu wa fundi, lakini hakurekebisha. Shehe alimkataza.

Msikiti ule umepakwa rangi mara nyingi tangu hapo, na wote niliowataja wameshazikwa. Mara kwa mara mgeni hufika Magofuni akaniuliza mihrabu iliyosifiwa na Bwana Prentis katika maandishi yake iko wapi, nami humpeleka Mtondooni. Anavua viatu, anaingia, anautazama ukuta mweupe kama kuta nyingine. Humwambia apitishe kiganja kulia kwa mihrabu, usawa wa bega. Ukuta wote ni laini isipokuwa hapo, pana mabonde. Wengine hudhani ni kazi ya kale.